Jina la Baba Mkwe

Katika nyumba niliyoolewa, wanawake hatukutamka neno huruma. Si kwamba tulikuwa wakatili. Baba mkwe wangu aliitwa Lusungu, na kwa lugha yetu lusungu ndiyo huruma yenyewe. Mke wa mwana halitaji jina la baba wa mumewe, hasemi neno linalofanana nalo, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona anakuja, anaacha njia na kuinama majanini mpaka apite. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu kwenye vilima vya Ileje, na wanaosema hayo yalikuwa mambo ya zamani hawajaolewa huko.

Basi huruma tuliiita ulaini. Mtu akimpelekea mgonjwa uji, tulisema ana ulaini. Na kwa kuwa Mzungu kwa lugha yetu ni musungu, neno hilo nalo tulilikwepa. Mchungaji wa misheni tulimwita Mwekundu. Wake wa nyumba za jirani walitucheka kijitoni.

"Nyie wa kwa Mzee," walisema, "Mwekundu akiwaonea huo ulaini wenu, atajuaje kama mnamshukuru au mnamwagiza mboga?"

Tuliwajibu kwamba afadhali sisi. Baba mkwe wao jina lake lilikuwa na moto ndani yake, na walikuwa hawawezi kuomba kaa la moto kwa jirani bila kusema, "Nigawie kinachouma."

Mwalimu wangu wa mambo hayo alikuwa mama mkwe. Hakuniketisha akanieleza. Alinifundisha kwa kukohoa. Tukiwa tunatwanga ulezi, akikohoa nilijua mzee anatoka shambani, nami niliuacha mchi nikapita nyuma ya nyumba. Tukiwa tunapalilia maharage aliniuliza, kama mtu anayepiga soga tu, "Hivi Sekela, yule mama wa ng'ambo ya mto alikutendea nini hata ukampenda hivyo?" Nikifungua mdomo kulisema neno lile, alinifinya paja kabla halijatoka. Baada ya mavuno ya kwanza hakuwa na haja tena ya kunifinya, ulimi uligeuka wenyewe. Sikumuuliza kwa nini iwe hivyo, na sidhani kama yeye aliwahi kumuuliza mama mkwe wake. Nilipoteleza hakunisema mbele ya watu, na nilipoweza hakunisifu. Alianza tu kunituma ghalani peke yangu kuchota unga, nikajua nimekuwa mtu wa nyumba ile.

Mume wangu Ezron alikuwa amebatizwa tangu ujana wake. Aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lupa, miaka ile baada ya vita vya Hitla, alirudi na viatu, blanketi zuri na hamu ya kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji akamwambia wazi kwamba mzee wa kanisa hawezi kuwa na mke asiyebatizwa. Tena ndoa yetu ilikuwa ya kimila. Nisipobatizwa, kanisa lingeweza kuihesabu kuwa si ndoa, na Ezron angekuwa huru kuoa mwingine kwa pete. Ndoa ya pete haitaki mke wa pili. Kwa hiyo ubatizo kwangu haukuwa jambo la mbinguni peke yake. Ulikuwa nyumba yangu, mume wangu, na binti yangu Nesta, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea.

Nilijiunga na darasa la ubatizo wakati mwalimu alikuwa mzee Luka. Luka alikuwa rika moja na baba mkwe wangu. Walikuwa wamechunga pamoja na kujenga pamoja, na kwa desturi yetu naye alikuwa baba mkwe, sikuweza kukaa mbele ya macho yake. Wake wengine wengi darasani walikuwa na shida hiyohiyo. Luka hakuiona kuwa shida. Aliketi nje ya kanisa kwenye kigoda, mgongo kwetu, akitazama mteremko wa mianzi. Sisi tuliketi ndani, vichwa vimeinama. Mlangoni aliketi wifi yangu Elizabeti, dada mkubwa wa Ezron, mjane aliyerudi kwao na aliyebatizwa zamani. Yeye ni binti wa nyumba, jina la baba yake halimfungi.

"Elizabeti," Luka aliuliza akiiangalia mianzi, "waulize hao, tunaokolewa kwa nini?"

Elizabeti alitugeukia, "Tunaokolewa kwa nini?"

"Kwa ulaini wa Mungu," nilijibu.

Elizabeti akageuka nje. "Baba, wanasema kwa lusungu lwa Mungu."

"Wamesema vema."

Hakuna aliyemdanganya mtu. Mwalimu alijua nimesema nini, nami nilijua amesikia nini. Tulijifunza amri zote, sala ya Bwana, na herufi chache ambazo Elizabeti alituchorea kwa mkaa sakafuni. Miaka yote ile tuliona kisogo cha mwalimu tu. Siku moja alikuja amenyolewa, mwanamke mmoja akanong'ona, "Leo tumeletewa mgeni," na Luka mwenyewe, kule nje, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Luka akapofuka, akaacha kufundisha. Mahali pake alikuja Mwalimu Watson.

Watson alikuwa kijana aliyetoka kwenye chuo cha walimu, kaptura ya kaki imepigwa pasi, filimbi shingoni. Lakini hakuwa mgeni. Alizaliwa upande wa pili wa mlima wetu, mwana wa Mbonile, na lugha yake, Kindali, ilikuwa hiihii yetu. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengine hunisikiliza wakidhani alikosea kwa kutojua.

Siku ya kwanza alipiga filimbi, akatuambia tugeuke tumtazame. Kwa kuwa alikuwa mdogo na si wa ukoo wa waume zetu, tulimtazama. Kisha akamwona Elizabeti mlangoni.

"Mama, wewe umekwisha kubatizwa. Unafanya nini hapo?"

"Nawasemea hawa."

"Kwani hawana midomo?"

"Wanayo, mwanangu. Ndiyo maana nipo."

Wanawake walicheka. Watson hakucheka. Alimwambia Elizabeti aende nyumbani, kwamba kuanzia siku hiyo kila mmoja atajibu kwa kinywa chake. Kisha akaanza maswali, na mimi nilikuwa mbele.

"Tunaokolewa kwa nini?"

"Kwa ulaini wa Mungu."

"Ulaini? Mungu ni ndizi mbivu?"

Wale wa nyumba nyingine walicheka tena. Nikasema labda sikusikika vizuri, nikarudia kwa sauti zaidi. Watson akanijia karibu, akainama, na akasema kwa upole ambao hata leo ukinijia mwili unanisisimka, "Najua unachokwepa, dada. Mimi ni mtoto wa milima hii."

"Kama unajua, mwalimu, mbona unaniuliza?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Akanyooka, akawaambia wote kwamba mtu asiyeweza kuitamka huruma ya Mungu bado hajaipokea, kwa sababu anamwogopa mzee wa kijiji kuliko Muumba. Nikatolewa nje mpaka ulimi wangu utakapofunguka. Tangu siku hiyo niliketi chini ya ukuta wa kanisa, upande wa nje, nikisikiliza masomo kupitia nyufa za udongo. Nilijua majibu yote. Wakati mwingine wale wa ndani walikwama, nami nikanong'ona jibu penye ufa, na Watson akawasifu.

Nilimwambia Ezron. Tangu hapo akaanza kunifuata kila nilipokwenda. Siku moja alinikuta shambani nikivuna ulezi, akachukua kisu akavuna pamoja nami, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi kutoka Lupa. Nikajua ana neno.

"Mchungaji anakuja kuwapima," alisema. "Ukikosa safari hii, mwingine anawekwa kuwa mzee wa kanisa."

"Majibu ninayo."

"Moja huna."

"Nalo ninalo. Mwalimu hataki nilivyolivika nguo."

"Basi livue. Ni neno moja, Sekela. Kanisa liko ng'ambo ya kijito, mzee hatasikia."

"Watasikia wake za ndugu zako."

"Wakisema, nitasimama mimi. Nitasema nilikutuma. Mimi ni mwanawe, atanifanya nini?"

"Utasimama?"

"Nimekwambia nitasimama."

Nilimtazama. Vidole vyake vilikuwa vimekatwakatwa na majani, hakuwa amezoea kazi ile. Nikamwonea ulaini, nikakubali.

Siku ya kupimwa kanisa lilijaa. Mchungaji aliketi kwenye kiti, Watson amesimama pembeni yake. Ezron alikuwa kati ya wanaume, na Elizabeti alikuwa nyuma na wabatizwa wengine. Niliulizwa amri ya nne nikaisema. Niliulizwa sala, nikaisema yote. Kisha Watson akamnong'oneza mchungaji, na mchungaji, kwa Kindali chake cha kuvunjika, akaniuliza tunaokolewa kwa nini.

Ulimi ukageuka kwenda kwenye ulaini, kama ulivyofundishwa. Niliushika. Nikahisi paja langu linauma mahali palepale pa kufinywa, ingawa mama mkwe hakuwapo. Nikasema, "Kwa lusungu lwa Mungu."

Sauti haikuwa yangu. Nyuma yangu kitu kilianguka, nikaja kujua baadaye ni mke wa shemeji yangu aliyemwachia mtoto akateleza kutoka mapajani. Hakuna aliyekohoa. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali, wala hakujua kilichotokea mbele yake. Watson ndiye aliyejua. Alitabasamu.

"Umeona?" aliniambia tulipotoka. "Umelisema, na ulimi uko palepale mdomoni."

Nikacheka naye. Niliamini kwamba kazi imekwisha.

Habari ilivuka kijito kabla yangu. Nilipofika nyumbani, chungu changu, mkeka wangu na jembe langu vilikuwa nje ya uzio. Mama mkwe alisimama kwenye uwazi wa uzio, na Nesta amemshika khanga.

"Usiingie," alisema. "Mzee yumo ndani."

"Mama, nilitumwa."

"Nani alikutuma?"

Niligeuka kumtazama Ezron, aliyekuwa amekuja nyuma yangu. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Mama mkwe alingoja. Kisha akanigeukia mimi, na niliona machozi yanamlengalenga. "Nilikufundisha kama binti yangu," alisema. "Nitawaambia nini watu, kwamba sikukufundisha?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemwangusha yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwetu mke wa mwana akilitaja jina la mzee, watu hawamuulizi mzee. Wanamuuliza mama mkwe, ulimlea vipi?

Nilikaa kwa Elizabeti, kwenye nyumba yake ndogo ya ujane. Alinisema mpaka ugali ukaungua. "Miaka yote nimekaa mlangoni kuwasemea," alisema, "kumbe mnaweza kujiponza bila mimi." Lakini alinipa mahali pa kulala.

Baraza la ukoo lilikaa. Mimi niliketi nje ya uzio, baba mkwe aliketi ndani ambako simwoni, na mdogo wake ndiye aliyepeleka maneno. Nilieleza yote, darasa, ukuta, na shamba la ulezi. Nikasema mume wangu ndiye aliyenituma, na kwamba aliahidi kusimama. Mdogo wa mzee akamwita Ezron asimame penye uwazi wa uzio. Akasimama.

"Ulimtuma mkeo?"

"Mimi nilimwambia amtii mwalimu," alisema Ezron. "Kulitaja jina la baba, hapana. Ningewezaje kumtuma hivyo?"

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga mahali penye ngazi, na ngazi haipo. Niliiangalia mikono yake, na mikwaruzo ya majani ya ulezi ilikuwa bado haijapona.

Kwa baba mkwe sikuwa na ubaya, wala sasa sina. Sauti yake ilitoka ndani, kavu na tulivu. Alisema hana hasira. Alisema mke aliyelitaja jina ana njia ya kurudi, na njia hiyo inajulikana. Baba yake alete dume la ng'ombe, lichinjwe, wazee wale, mke apakwe unga wa ulezi usoni na mama mkwe wake, na neno liishe. Baba yangu alipoletewa habari hakulalamika. Akasema dume ataleta.

Watson akasikia. Alinikuta njiani na kuniambia kwamba nikipakwa unga ule nimekana ubatizo kabla sijaupokea, na jina langu halitasomwa kati ya watakaobatizwa.

"Nisipopakwa siingii nyumbani kwangu," nilisema.

"Kristo ni nyumba yako."

"Basi njoo wewe barazani. Waambie wewe ndiye uliyenifundisha. Mama mkwe analaumiwa kwa somo lako."

Akasema atafikiri. Nilingoja, hakuja. Ndipo nikaamua kumfuata kwake, upande wa pili wa mlima, nimwombe mbele ya mkewe, labda aone haya.

Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Mkewe, Marta, alikuwa jikoni. Nilimjua kwa sifa. Alikuwa msichana wa misheni, amebatizwa tangu mtoto, anasoma kitabu bila kufuatisha kidole, na Watson alipenda kumtolea mfano darasani. Nilipopiga hodi aliniashiria nipite upande wa nyuma, nisipite uwanjani. Nikachungulia. Uwanjani, kwenye kigoda, aliketi mzee mmoja mwembamba anachonga mpini. Alikuwa Mbonile, baba yake Watson, amekuja kuwatembelea.

Marta alikuwa amejifunika khanga kichwani mpaka machoni. Alipakua ugali na maharage, akaviweka kizingitini, akarudi nyuma. Watson mwenyewe, mwalimu mwenye filimbi, akaja akainama, akachukua chakula na kukipeleka uwanjani kwa mikono yake, kwa sababu mkewe hawezi kumsogelea mzee. Nilishangaa, lakini nikajiambia labda ni heshima tu ya mgeni.

Watson akauliza akiwa mlangoni, "Marta, umemwona mtoto?"

Kwa lugha yetu kuona ni kubona, na ndani ya jina Mbonile kuna kuona. Marta alijibu bila kufikiri, kama mimi nilivyojibu miaka yote.

"Macho yangu yamemgusa bondeni, na wenzake."

"Vema," alisema Watson.

Vema. Alilisema neno lilelile la mzee Luka. Nilikuwa nimeketi kwenye gogo jikoni, nikasimama. Watson aliponiona, uso wake ulibadilika, akajua nimesikia.

"Mwalimu," nilisema polepole, maana mzee alikuwa karibu, "mkeo hawezi kusema ameona?"

Marta alinitazama, akamtazama mumewe. Hakuelewa ninauliza nini. Kwake hakukuwa na kitu cha kuuliza.

"Marta alipimwa misheni," alijibu Watson. "Katika maswali yake neno hilo halikuwamo."

"Na wewe ulipomwoa, hukumuuliza?"

Alinivuta mpaka nyuma ya nyumba. "Sekela, baba yangu yuko hai. Yuko pale nje."

"Na baba mkwe wangu, mwalimu, ulidhani amekufa?"

Akaniambia jambo ambalo labda alidhani litanituliza. Mchungaji alikuwa amemwambia kwamba desturi ile lazima ivunjwe katika bonde letu, na kwamba mwalimu ambaye hawezi kumwonyesha hata mwanamke mmoja aliyeivunja, kazi yake bado. Alinichagua mimi kwa sababu nilijua majibu mengine yote. Angemchagua asiyejua, watu wangesema amelisema kwa ujinga.

"Kwa hiyo nilichaguliwa kwa kuwa nilisoma vizuri," nilisema.

"Ndiyo," alisema, na naapa alifurahi kwamba nimeelewa.

Hakukubali kuja barazani. Akasema hayo ni mambo ya ukoo na yeye ni mwalimu wa dini. Akataka kuniombea. Nikamwambia amwombee Marta, mimi nina safari.

Njia yote ya kurudi nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. Nilikuwa nimeamini kwamba kuna watu wa aina mbili, wa mama mkwe wangu na wa filimbi, na kwamba nilikuwa nimekwama katikati. Kumbe wa filimbi naye alikula kwa desturi ileile, akalala ndani yake, na asubuhi alivuka mlima kuja kuivunja kwa watu wengine. Nilipofika kijitoni nilikuwa nimeamua. Nilimtuma Elizabeti kwa baba yangu. Dume likaletwa, likachinjwa, wazee wakala. Mama mkwe akanipaka unga usoni. Akanifinya shavu kidogo, nami nikalia. Baba mkwe akatuma neno kutoka ndani, "Apewe mwanawe." Nikampokea Nesta, nikaingiza chungu changu, na jioni nilisonga ugali katika jiko langu.

Ezron alikula ugali ule. Alisema umeiva vizuri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na kuketi pale pangu chini ya ukuta. Nilijua sitabatizwa safari hiyo, lakini nilitaka kusikia nyimbo. Baada ya mahubiri Watson alisoma majina ya watakaobatizwa, na langu halikuwamo, kama alivyosema. Kisha akasoma tangazo la ndoa.

"Ezron, mwana wa Lusungu," alisoma, na kichwa changu kikainama chenyewe kwa kusikia jina la mzee, kwa hiyo jina la pili lilinipata nikiwa nimeangalia chini. "Na Jenista, wa misheni. Mwenye kujua kizuizi aseme."

Nilingoja mtu aseme. Elizabeti alikuwa ndani. Mashemeji zangu walikuwa ndani. Watu waliokula dume la baba yangu walikuwa na watoto wao mle ndani. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama mahali alipokuwa akiketi wifi yangu zamani.

"Mimi ni mke wake," nilisema.

Watu wote waligeuka. Watson aliniangalia juu ya karatasi, na hakuwa na uso wa ushindi. Nadhani aliona haya. Lakini alijibu kwa sauti ya darasani.

"Kanisa halina habari za ndoa hiyo. Ungekuwa umebatizwa, tungekuwa nazo."

Ezron hakugeuka. Alikuwa mstari wa mbele, na niliona kisogo chake tu.

Nilimngoja njiani. Alipokuja nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu nilipopakwa unga. Akasema mchungaji amemwambia kwamba mke aliyerudi gizani hawezi kumzuia mtu. Akasema mimi mwenyewe ndiye niliyechagua.

"Ulikula ugali wangu," nilimwambia. Sikupata neno jingine.

"Nilikuwa na njaa," alisema.

Ezron alipofunga ndoa ya pete, mama mkwe alinisindikiza mpaka mtoni. Nesta hakuja nami. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na hilo nalo ni desturi, wala hakuna mwalimu aliyelipigia filimbi. Sasa naishi Chapwa, kwa ndugu wa mama yangu, nauza maharage kwa wanaovuka mpaka kwenda Rodeshia ya Kaskazini. Elizabeti hunitembelea kiangazi. Ameniambia Ezron ni mzee wa kanisa, na kwamba mama mkwe alimfundisha Jenista kwa kukohoa, naye ameshika upesi. Watson, kila anapofika Jumapili, humsikia Jenista akiomba kwa sauti ulaini wa Mungu, na anaitikia amina.

Majirani zangu wa hapa Chapwa wananisihi nikajiandikishe ubatizo. Wanasema mwalimu wa hapa ni mpole na hana makuu. Nawaambia nitakwenda, ila kwanza nataka kupita nyumbani kwake wakati wa chakula, nione mkewe anavyopeleka sahani. Wananitazama kama mtu mwenye kichaa. Nesta sasa ni msichana mkubwa, na mwaka huu ameanza darasa la ubatizo kwa Watson.